Pima Mbili za Mbele

Mzee alikuwa fundi mwashi, mwana wa fundi mwashi, mjukuu wa yule waliyemwita Timazi, kwa kuwa ukuta wake haukupinda wala neno lake. Ukoo huo ulikuwa na sharti moja: kila nyumba waliyoijenga ilirudi nyuma pima mbili kutoka njiani. Watu walimcheka Timazi kwamba anaupa upepo kiwanja. Akawajibu, "Upepo nao ni mgeni. Mgeni hasimamishwi mlangoni."

Mzee aliukumbuka mtaa wenye nafasi hizo mlango kwa mlango: wanaume wakinoa patasi, wanawake wakishona, mwenye huzuni akiulizwa kabla hajaisema. Sasa maghorofa yalibanana bega kwa bega. Jirani akikohoa unamsikia, akifiwa huna habari. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, mbele ya nyumba yake.

Tangu ghorofa la jirani lizibe dirisha la chumba chao cha juu, mke wa mjukuu wa mzee, mshona nguo, alikuwa amenyamaza. Usingizi ulimpotea, chakula akikigusa tu. Ila kila siku saa kumi jioni alishuka na kigoda, akashona pale mbele, na uso ukamchangamka kidogo. Mzee aliliona hilo. Mjukuu, mwenye haraka ya kujenga maduka ya kupangisha pale mbele, hakuliona.

Asubuhi moja mjukuu na vibarua wake wakapigilia vigingi, wakavuta uzi ukingoni mwa njia.

"Babu, hapa yanaingia maduka mawili."

"Umemuuliza mkeo?"

"Huyo? Siku hizi hata salamu anaitikia kwa kichwa."

"Basi wewe macho yako yanaona matofali tu."

Mjukuu akacheka, akainama kufunga uzi. Mlango ukafunguka. Mkewe akatoka na kigoda, na wala haijafika saa kumi ya jioni. Akauvuka uzi, akaketi katikati ya duka lisilojengwa, akatunga sindano.

"Inuka, mwenzangu, tunapima."

"Kule juu naona ukuta," alisema, sauti ikikwaruza kwa kukaa bure. "Hapa naona watu. Ukipaziba na hapa, nitabaki na nani?"

Mjukuu aliiweka nyundo chini. Kisha akaanza kung'oa vigingi. Mzee akaupokea uzi, akauzungusha kidoleni kama alivyofunzwa na Timazi, akawageukia vibarua.

"Na nyinyi vijana, mbona mmekodoa macho? Lishikeni neno hili: popote mtakapojenga, rudini nyuma pima mbili. Nitapita kupima mwenyewe."