Samaki Kumi na Mmoja Waliorudi Ziwani

Restituta alifika nyumbani kwetu Mapera Jumamosi alasiri, akiwa na begi la michezo begani na samaki wawili wakavu aina ya mbasa ndani ya kikapu. Alipiga goti mlangoni, akasema, "Shikamoo, Babu," nami nikaitikia marahaba kwa sauti ninayoitumia kwa kila mtu, kwa sababu sikutaka afikiri kwamba mechi ya kesho yake ilikuwa imenilainisha. Yeye ni mtoto wa mwanangu Henry, afisa uvuvi wa Mbamba Bay. Amezaliwa na kukulia ziwani, anafundisha shule ya msingi huko huko, na ndiye nahodha wa timu ya wanawake ya Ziwa katika ligi yetu ya mpira wa Kiayalandi.

Yafaa niueleze mpira huo, maana hata wanaoushangilia hawaujui wote. Uliletwa na sista mmoja wa Ayalandi aliyefundisha kwetu, ambaye alirudi kwao akiwa ametuachia mipira, sheria, na timu za kutosha kuunda ligi ndogo. Mchezaji anaruhusiwa kuushika mpira kwa mikono na kuupiga kwa mguu. Lango lina nguzo mbili ndefu za mkaratusi, zilizounganishwa katikati kwa mti wa kukingama, mfano wa herufi H. Mpira ukiingia wavuni, chini ya mti ule, ni goli, na goli lina thamani ya pointi tatu. Hapo mshika bendera huinua bendera ya kijani. Mpira ukipita juu ya mti ule, katikati ya nguzo, ni pointi moja, na bendera inayoinuliwa ni nyeupe.

Sheria ni nyepesi. Mimi, Mwalimu Adolf, nilizisoma zote, na nadhani ndiyo maana nilichaguliwa kushika bendera. Watu wa Mapera hawakuona sababu ya kuzisoma. Timu yetu ilikuwa ikishinda kila mechi kwa magoli ya wavuni yasiyo na ubishi, na mtu anayeshinda kwa namna hiyo haulizi hesabu.

Timu ya Ziwa, kwa upande wake, haikuwa imeshinda hata mara moja. Kamati ya ligi ilikwisha kutamka kwamba timu itakayomaliza msimu bila ushindi itaondolewa, kwa kuwa hakuna maana ya kupandisha lori zima la Fuso milimani kwa ajili ya kuja kufungwa. Mechi ya Jumapili, dhidi yetu, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

"Babu," Restituta alisema huku bibi yake akimmiminia kahawa, "tukifungwa kesho, ndiyo basi. Wasichana wangu watarudi kuanika dagaa wa usipa na kuwatazama wanaume wakicheza."

"Usiniombe kitu," nikamwambia. "Bendera si mali yangu."

"Sikuombi upendeleo. Nakuomba uone tu. Mipira yetu hupita juu sana, na washika bendera wengine macho yao yako chini, kwenye nyavu."

"Kitakachopita nitakiona."

Bibi yake, mke wangu Vitalia, aliangua kicheko. "Na mimi nitaimba, mjukuu wangu, lakini nitaimba upande wa Mapera. Chakula changu kula, wimbo katafute kwenu."

Kesho yake, baada ya Misa, watu walishuka uwanjani hata kabla ya kubadili nguo za kanisani. Uwanja wetu uko chini ya kanisa, na nyuma ya lango moja linaanza shamba la kahawa. Mwenyekiti wa mashabiki wa Mapera ni jirani yangu Placidi, mtu wa koti zito na sauti nzito zaidi, naye alikuwa amewagawia watu matawi ya kahawa ya kupunga. Kiongozi wa nyimbo ni Kunigunda, ambaye akiimba kwaya nzima hukaa kimya kumsikiliza. Fuso la watu wa Ziwa lilipoegeshwa, abiria walishuka wakitetemeka kwa baridi ndani ya khanga zao.

"Karibuni, watani!" Placidi alipaza sauti. "Makoti mmeyasahau wapi?"

"Tutavaa koti la ushindi!" mama mmoja wa Ziwa akamjibu.

"Hilo refu, mama. Litawaburuza!"

Refa alikuwa Mwalimu Asnath, mwanamke mwembamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida, asiye na ndugu milimani wala ziwani. Mwenzangu langoni alikuwa Benjamin wa Matiri. Yeye alisimama kwenye nguzo moja, mimi kwenye nyingine, na bendera zote mbili nilizishika mimi. Mshika bendera hazungumzi na mashabiki. Niliilinda kanuni hiyo mpaka filimbi ya mwisho, ingawa siku ile ilinielemea kuliko nilivyotarajia.

Kipindi cha kwanza Mapera walishambulia lango tulilosimamia mimi na Benjamin, na niliinua bendera ya kijani mara tatu. Mara zote tatu matawi ya kahawa yalipungwa, ngoma ikalia, na Placidi akazunguka uwanja kama bwana harusi. Upande wa pili, Restituta na wenzake hawakujaribu hata kidogo kupiga chini. Kipa wetu, Margareta, hudaka kila kinachomjia. Kumlenga yeye ni kumpelekea zawadi. Wao walipiga juu. Huko kwao hufanya mazoezi ufukweni, wakiurusha mpira juu ya miti wanakotundika nyavu ili zikauke, na mazoezi hayo yalionekana. Mpira wa kwanza ulipita juu ya mti wa kukingama, ukaangukia mbali, na bendera nyeupe ikainuliwa na wenzetu wa lango lile.

Mapera nzima ikacheka. Katika soka tulilozoea, mpira ukipita juu ya mtambaa wa panya ni aibu ya aliyeupiga. Kunigunda hakupoteza nafasi. Alipiga ngoma yake pigo moja, akaimba, "Samaki mmoja!" na umati ukamwitikia, "Karudi ziwani!"

Ulipopita wa pili, akaimba, "Samaki wawili!"

"Wamerudi ziwani!"

Sauti ya Vitalia niliitambua miongoni mwa waitikiaji, tena ilikuwa ya mbele.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Asnath alisimama katikati ya uwanja, akatangaza: Mapera pointi tisa, Ziwa pointi nne. Pengine kuku waliokuwa karibu naye walimsikia. Watu wengine wote walikuwa wakicheza ngoma.

Timu zikabadilishana pande, na sasa Ziwa wakawa wanakuja kwetu. Wasichana wa Restituta waliziba njia ya lango lao, wakanyang'anya mipira, wakakimbia nayo wakiidundisha mguuni, na kila walipofika umbali wa kutosha, walipiga juu. Niliinua nyeupe. Nikainua tena. Nyuma yangu Kunigunda alikuwa amefika samaki wa saba, na watoto waliopanda ukuta wa kanisa sasa walikuwa wakihesabu naye.

"Mnaiona ile nyeupe?" nilimsikia Placidi akiwaelimisha wageni waliotoka kijiji cha Ruanda. "Ndiyo ya kusalimu amri. Mwalimu Adolf anawashauri wakubali yaishe."

"Mbona anainua mara nyingi hivyo?"

"Wabishi! Hawasikii!"

Niliuma meno. Kuvumilia kusikia jambo lisilo sahihi likifundishwa nyuma ya mgongo wangu, nisilisahihishe, ni adhabu ambayo sikuwahi kumpa mwanafunzi yeyote.

Upande wa pili, Lidia wetu naye alipiga mmoja juu, ukapita katikati ya nguzo. Ilikuwa pointi halali. Placidi alishika kichwa. "Lidia! Unatuaibisha! Unataka nawe tukuimbie samaki?" Msichana wa watu akainama kwa haya, kumbe alikuwa ametuongezea.

Dakika zilikuwa zinakwisha Ziwa walipofikisha samaki wa kumi. Hesabu yangu ilikuwa wazi. Magoli matatu ya Mapera ni pointi tisa, na moja ya Lidia ni kumi. Ziwa nao kumi. Sare. Katika uwanja ule wote, waliojua hivyo tulikuwa mimi, Benjamin, wenzetu wa lango la pili, Mwalimu Asnath, na watu wa Ziwa wenyewe, ambao walikuwa wamesimama wote juu ya Fuso, kimya, mikono vinywani. Sare isingewaokoa. Sare si ushindi.

Mpira ukamfikia Restituta upande wa nguzo yangu. Akauinua mguuni, akatazama juu, hakunitazama mimi, akapiga.

Mpira ulipanda juu kuliko ncha ya nguzo, na huo ndio mpira mgumu kuliko yote kuuamua. Kuna njia moja tu ya kuuona vizuri. Niliegemeza shavu kwenye nguzo, nikatazama moja kwa moja kuelekea angani, kama fundi anayepima ukuta kwa timazi. Nilijua vema ni nani aliyeupiga, na nilijua nitaulizwa na nani.

"Huo ni wako, Mwalimu," Benjamin alisema kutoka nguzo yake.

Ulipita ndani. Si kwa nafasi kubwa, lakini ndani. Ungepita nje ningetikisa kichwa, na mtoto yule angerudi Mbamba Bay na majonzi yake. Niliinua bendera nyeupe, nikanyoosha mkono mpaka mwisho.

"Samaki kumi na mmoja!" Kunigunda aliimba.

"Wamerudi ziwani!" Mapera yote ikaitikia, na filimbi ya mwisho ikapulizwa.

Kilichofuata sijapata kukiona kwenye mchezo wowote. Mashabiki wa Mapera waliingia uwanjani na matawi yao ya kahawa, wakicheza. Mashabiki wa Ziwa nao wakaruka kutoka kwenye Fuso, wakaingia uwanjani wakipiga vigelegele. Makundi mawili yalikutana katikati, kila moja likishangilia ushindi, yakapishana kwa heshima, kisha yakaanza kutazamana.

"Hawa wanashangilia nini?" Placidi akauliza.

"Wanafurahi kwamba yamekwisha," Kunigunda akamjibu.

Mwalimu Asnath alipuliza filimbi mpaka ngoma ikanyamaza. "Mapera, pointi kumi. Ziwa, pointi kumi na moja. Ziwa wameshinda."

Tawi moja la kahawa lilidondoka, na nililisikia likidondoka.

"Madamu," Placidi alisema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "sisi tumefunga matatu. Wao hawajafunga kitu. Wamepaisha tu."

Mwalimu Asnath akamweleza, taratibu, mambo yale ambayo mimi nimeyaeleza hapo juu. Uso wa Placidi ulibadilika rangi mara kadhaa, kisha ukanigeukia.

"Mwalimu Adolf! Wa mwisho ulimpa mjukuu wako!"

Sasa filimbi ilikuwa imekwisha kulia, na ulimi wangu ulikuwa huru.

"Mzee Placidi," nikasema, "kwa mkono huu huu niliinua kijani mara tatu kwa Mapera, na hukuniuliza ukoo wangu. Kama unayo shaka na hesabu, usiniulize mimi. Kunigunda! Samaki wangapi wamerudi ziwani?"

Kunigunda aliitazama ngoma yake kana kwamba imemsaliti. Ndipo Vitalia alipojitokeza mbele ya umati, khanga imemlegea kwa kucheza.

"Kumi na mmoja," akasema. "Niliitikia wote mwenyewe. Na wa mwisho ndiye tuliyemwitikia kwa nguvu kuliko wengine."

Kunigunda aliketi chini, palepale kwenye nyasi, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani! Mchana kutwa tumekuwa makarani wao!"

Kicheko kile kilienea uwanja mzima kama moto kwenye nyasi kavu. Waliocheka zaidi walikuwa Mapera wenyewe. Wageni wa Ruanda walimgeukia Placidi wakamuuliza kama sasa na yeye atasalimu amri, na mzee yule, ambaye nimekaa naye ujirani tangu tulipokuwa vijana, alichukua tawi lake la kahawa akiwa bado amenuna, akavuka uwanja, akamkabidhi Restituta kwa mikono miwili.

"Chukua," akamwambia. "Lakini msimu ujao mje na makoti, maana na sisi tutapiga juu."

"Tutakuja, Babu Placidi," Restituta akajibu. "Msimu ujao tupo!" Hapo wasichana wake wakamwinua juu.

Chakula kilichokuwa kimepikwa kwa ajili ya kushangilia Mapera kikaliwa na wote, pamoja na samaki wa Ziwa, na Kunigunda aligeuza wimbo wake: samaki sasa walikuwa wanapanda mlimani. Restituta alinikuta bado nimesimama kando ya nguzo yangu.

"Uliona, Babu."

"Niliona."

"Ulifurahi?"

"Mshika bendera hafurahi."

"Na Babu yangu je?"

Nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Asnath, nikamkabidhi bendera zote mbili zikiwa zimekunjwa, kama kazi inavyotaka. Nilipokwisha kuwa raia wa kawaida, nilivua kofia, nikarudi, nikamshika mjukuu wangu mkono, nikaingia naye kwenye duara, nikaimba. Vitalia anasema mahadhi niliyakosea. Inawezekana. Idadi ya samaki niliipatia.