Kitufe Cheupe

Enzi zile za sarafu ya lira, Profesa Ermete Galvagni alifundisha sheria mpaka siasa ikamteka. Akakaa bunge la chini vipindi viwili, na mwaka wa kisa hiki wakampandisha Seneti, bunge la juu. Kuongea alijua, jamani! Lakini mwambie achague kati ya divai nyekundu na nyeupe, atakuomba maji.

Siku hiyo Seneti ilikuwa inapigia kura treni ya bondeni kwao. Mswada ukipita, treni inabaki. Ukianguka, stesheni inafungwa, na baa ya dada yake Ornella, iliyo humo humo stesheni, nayo kwaheri. Asubuhi Ornella alipiga simu Roma.

"Ermete, utasema ndiyo, sivyo?"

"Chama kimetuambia tukatae, dada."

"Chama ndicho kilichokulea mama alipokufa?"

Akamkatia. Profesa akabaki na simu mkononi, moyo unamuuma. Amkosee dada? Akikosee chama kilichomtoa chuoni kikampa jina? Njia mbili zilimshinda fisi, seuze profesa.

Ukumbini, mbele yake palikuwa na vitufe vitatu: kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, na cheupe cha asiye na upande. Ah, cheupe! Kule bunge la chini alikibonyeza mara nyingi na hakikumdhuru mtu. Asiye na upande alihesabiwa kama hayupo. Akakibonyeza, akashusha pumzi.

Ubao ukawaka. Ndiyo zilizidi hapana. Profesa akatabasamu, dada kapona. Kisha mwenyekiti akatangaza, "Seneti haikupitisha."

"Haikupitisha vipi?" Akamgeukia Bonfanti, seneta mkongwe aliyekaa ubavuni pake. "Si ndiyo ndizo zilizozidi?"

"Zimezidi hapana, lakini hazikuvuka nusu ya waliomo ukumbini. Imepungua moja tu. Sijui bwege gani kabonyeza cheupe."

"Cheupe si upande!"

Bonfanti akamkodolea macho. "Kumbe ni wewe? Hapa Seneti cheupe ni hapana, Profesa. Asiyetaka kumdhuru mtu hutoka nje akanywa kahawa. Ungekuwa kwenye kahawa, treni ingepona."

Kabla Profesa hajafumbua mdomo, mkuu wa chama akamkumbatia mbele za watu. "Mjanja wewe! Umewaua bila kuchafua mikono!" Profesa akasema asante. Mbona alisema asante? Hata yeye hakujua.

Jumamosi alipanda treni hadi kwao. Alijiandaa kwa matusi, lakini Ornella hakumtukana, na hilo likamtisha zaidi. Alikoroga kahawa, akamwekea mbele.

"Dada, sikukataa. Haki ya Mungu sikukataa! Wala sikukubali, mimi nili..."

"Redio imeshanisimulia, cheupe chako na kahawa ya nje. Kunywa. Hii ndiyo uliyokosa kwenda kunywa."

Profesa akanyanyua kikombe, akakirudisha. Akinywa, si atakuwa anamdhihaki? Asiponywa, si atakuwa anamsusia? Nje treni ikapiga honi ya kuondoka.

"Ninywe kweli, dada, au unanisema tu?"

Ornella alimtazama kijana aliyemlea kwa mikono yake, mvi tele, tai ya hariri shingoni.

"Hata hilo nikuamulie mimi?" akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka dada.