Likizo ya Shule, Mtihani wa Chuo

Jumanne ya wiki ya likizo, Yadira Cantú alikuwa jikoni na nguo za kulalia, akigeuza mikate myembamba ya ngano kikaangoni, simu ikalia. Alikuwa Hortensia, mama wa watoto watatu anayekaa naye kiti kwa kiti katika darasa la historia kule chuoni.

"We mtoto, uko wapi? Mtihani saa nne!"

"Si tuko likizo?"

"Likizo ya nani? Sekondari yenu ndiyo imefunga. Chuo hakijafunga!"

Yadira aliacha mkate uungue kikaangoni. Alikuwa na miaka kumi na sita, bado yuko sekondari, lakini Jumanne na Alhamisi basi la shule huwapeleka yeye na wenzake chuoni kusoma masomo ya chuo pamoja na watu wazima. Kalenda aliyoitazama ni ile ya sekondari, iliyobandikwa kwenye friji. Leo hata basi hakuna. Na akifeli, alama hiyo itakaa kwenye rekodi yake ya chuo maisha yake yote, na sekondari itamtoa kwenye mpango huo wa kusoma chuoni.

"Bibi! Nimekwisha!"

Bibi Eloísa alizima jiko, akafunika sufuria ya maharage, akachukua funguo za pikapu. "Vaa viatu. Kufa utakufa baadaye."

Barabarani malori ya machungwa yaliwapita yakipiga honi.

"Bibi, kanyaga!"

"Nikikanyaga tutafika hospitali, si chuo."

Walifika saa nne na dakika ishirini. Mlango wa darasa umefungwa. Yadira alisimama mbele yake kama aliyegandishwa. Bibi ndiye aliyegonga. Akatoka Mwalimu Pruitt, mrefu, miwani imeshuka puani.

"Samahani, mwalimu. Mimi ni bibi yake. Mtoto huyu ana adabu, ila..."

"Unisamehe, mama. Mambo ya mwanafunzi wa chuo siruhusiwi kuyazungumza na familia. Nitamsikiliza yeye."

Bibi akarudi nyuma hatua moja. Kule sekondari, kikaratasi chenye sahihi yake kilimaliza kila kitu: homa, kuchelewa, hata kazi iliyosahaulika nyumbani. Yadira akamtazama, lakini bibi aliinamia mkoba wake tu.

"Mimi... mimi nili..." Ndani, vichwa vimeinuka. "Niliangalia kalenda ya shule. Sikuangalia yenu. Kosa ni langu."

"Yenu?" Mwalimu alivua miwani. "Kwani wewe unasoma wapi?"

"Hapa."

"Basi ni yetu. Zimebaki dakika arobaini, na sikuongezei hata moja."

Yadira aliingia, akaketi. Karatasi ilikuwa juu ya meza, kalamu hana. Hortensia akamsukumia moja bila kuinua uso. Swali la kwanza lilitoka sura ya saba, ile aliyopanga kuisoma wakati wa likizo. Akaliruka. Akalisoma la pili mara tatu, kisha akaanza kuandika.