Mchezo Uliogoma

Gachau aliendesha lori la mikate mjini Thika kwa miaka tisa bila kugonga hata kuku. Kisha, asubuhi moja ya Desemba 1998, alipokuwa akipita Witeithie, mtu mwenye mkokoteni wa maji alijitokeza ghafla barabarani. Gachau akakata usukani. Mtu yule akapona, na maji yake hayakumwagika, lakini lori likaingia mtaroni na kulala ubavu.

Usukani ulimbana mapajani, na mlango ulikuwa umejikunja kama karatasi. Alikaa ndani ya kabini ile zaidi ya saa tatu, dizeli ikimdondokea shingoni. Kupitia kioo kilichopasuka aliona miguu ya watu tu: gambuti, akala, viatu vya shule. Ilikuja mikono mitupu, ikarudi na mikate. Alipoita, mmoja wao aliinama akamwambia, "Pole dere, wanakuja," kisha akainua kreti nyingine.

Mwezi wa pili hospitali ilimruhusu kwenda nyumbani. Mguu wa kushoto ulikuwa na plasta kuanzia juu ya paja hadi vidoleni, wa kulia hadi gotini. Chumba chake Thika kilikuwa ghorofa ya tatu, kwa hiyo dadake mdogo, Lynn, akamchukua kwake Membley, Ruiru. Lynn alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mumewe, Nicanor, alifanya kazi Nairobi katika kampuni ndogo ya intaneti, na jioni alikuwa akiandika mradi wake wa shahada.

Walimpa chumba cha wageni. Kila asubuhi kabla ya saa moja, Lynn alimwekea chupa ya chai, sahani iliyofunikwa na ndoo yenye kifuniko, halafu wote wawili wakaondoka. Mlango wa mbele ulikuwa na grili ya chuma. Tangu wezi waingie kwa jirani mwezi wa kwanza, Lynn alikuwa akiifunga kwa kufuli kutoka nje na kwenda na funguo. Gachau alisikia kufuli likibana, kisha gari likaondoka, kisha hakuna kitu hadi saa kumi na moja.

Hakuwaambia, lakini wiki ya kwanza alihesabu vigae vya dari mara nyingi hadi akavichukia. Akilala, alirudi ndani ya kabini. Akiamka, uzito wa plasta ulimfanya adhani bado yuko ndani.

Kompyuta ya Nicanor ilikuwa kwenye meza ya chumba hichohicho, karibu na kitanda. Nicanor alimwona akiitazama.

"Shemeji, tumia tu," alimwambia. "Lakini haina Windows. Nilifuta yote, nikaweka mfumo mwingine, Linux. Kazini ndiyo tunatumia."

"Ina michezo?"

"Iko nyoka, iko karata. Za kupoteza muda."

Gachau alijifunza kujiburuta hadi kwenye kiti cha magurudumu cha ofisi, mguu mrefu ukiwa umenyooshwa juu ya stuli. Alicheza nyoka kwa siku nne. Nyoka alikua, akakosa nafasi, akajiuma, akafa. Siku ya tano hakutaka kumwona tena.

Jumapili hiyo alikuja Irshad, rafiki yake aliyekuwa na duka la kutengeneza redio na televisheni Thika, nyuma ya soko. Zamani, Gachau akimaliza kugawa mikate, walikuwa wakikaa nyuma ya duka na kucheza mbio za magari kwenye kompyuta ya Irshad. Irshad alimletea mchezo huo kwenye disketi mbili zilizofungwa kwa mpira.

"Mikono isilale, bwana," alisema.

Gachau alizigeuzageuza disketi zile mkononi. Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata daktari: alikuwa haamini mikono yake. Ile asubuhi, alikata usukani mapema au alichelewa? Dereva mwingine angepita salama? Alitaka kukaa mbele ya barabara, hata kama ni ya kuchorwa, aone mikono itafanya nini.

Mchezo uligoma. Ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, na Linux haikuutambua. Nicanor alimwonyesha programu iliyojifanya DOS ndani ya Linux. Wakajaribu pamoja. Ukurasa wa kwanza ukatokea, gari jekundu, kisha mchezo ukatafuta kadi ya sauti, haukuruhusiwa kuigusa, ukasubiri hapohapo bila mwisho.

"Hauna nguvu ya kuingia kwa mashine moja kwa moja," Nicanor alieleza. "Linux inauzuia. Iko njia ya kuupa skrini yote, lakini usijaribu hiyo. Ukikwama, unakwama na kibodi. Na kazi yangu iko humu ndani. Sawa, shemeji?"

"Sawa."

Alitii siku mbili. Siku ya tatu, Jumatano, alisoma maelezo ya programu ile mstari kwa mstari. Alikuwa na kidato cha nne na subira ya mtu asiye na pa kwenda. Akajua jinsi ya kuuambia mchezo usitafute sauti. Akajaribu. Ukavuka pale ulipokuwa ukikwama, lakini kwenye kidirisha kidogo cha skrini picha ilikatikakatika, gari likaruka kutoka ukingo hadi ukingo. Ilibaki njia moja tu. Saa nne na dakika kumi akaupa skrini yote.

Barabara ikafunguka mbele yake. Lami ilikuwa ya zambarau badala ya kijivu, na hapakuwa na mlio wowote, lakini ilikuwa barabara. Akabonyeza mshale, gari likaondoka. Akakunja kona ya kwanza, ya pili. Kwenye kona ya tatu kukawa na gari jingine mbele. Akakata kushoto, na hapo picha ikaganda.

Alibonyeza kitufe cha kutokea. Hakuna. Alibonyeza Ctrl, Alt, Delete, kila kitu Nicanor alichowahi kutaja. Gari lilibaki limeinama ukingoni, magurudumu mawili hewani, na kibodi ikawa kipande cha plastiki. Pumzi ikaanza kumpungua. Alijua ni picha tu, lakini mwili wake haukujua. Akanyoosha mkono, akazima mashine kwa swichi yake, akakaa giza la skrini likimtazama.

Alipoiwasha, ilianza kukagua diski, ikafika katikati, ikasimama. Maandishi yakasema kwamba imekuta hitilafu ambayo haiwezi kuirekebisha yenyewe, na ikadai nywila ya msimamizi. Gachau hakuwa nayo.

"Ngai, Mungu wangu," alisema kwa sauti, chumbani peke yake. Mradi wa Nicanor.

Simu ilikuwa kwenye korido. Alijisukuma hadi huko kwa mikono, akishika kuta. Lakini simu ile, kama za nyumba nyingi siku hizo, ilikuwa na kikufuli kwenye tundu la namba. Ungeweza kupokea, si kupiga. Alikaa mbele yake zaidi ya saa mbili. Jirani wa kulia alikuwa kazini, wa kushoto alikuwa kazini. Alijiburuta hadi kwenye grili, akaitikisa mara moja, akaona haya.

Saa saba simu ikalia. Alikuwa Lynn, anapiga kutoka ofisi ya shule kama kila siku.

"Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula. Alifikiria kunyamaza. Angesema stima zilipotea, nani angejua? "Lynn, mwambie Nicanor anipigie. Saa hii. Nimeharibu kompyuta yake."

Nicanor alipiga baada ya dakika kumi. Gachau alimwambia yote, hata saa aliyoanza. Upande wa pili akasikia mlango wa ofisi ukifungwa.

"Nicanor?"

"Niko. Chukua kalamu. Nitakupa nywila."

Waya wa simu haukufika chumbani. Kwa hiyo Gachau alisoma maandishi kwenye skrini, akayanakili nyuma ya bahasha, akajisukuma hadi kwenye korido, akamsomea Nicanor, akapewa la kuandika, akarudi. Plasta iligonga mlango kila alipopita. Mashine ilimuuliza swali baada ya swali: nirekebishe hiki? niondoe kile?

"Kila kitu unasema ndiyo," Nicanor alimwambia.

"Na nikifuta kitu chako?"

"Kimeshafutika, shemeji. Hapo unaokota vipande tu."

Alisema ndiyo mara sitini na kitu. Kufikia saa tisa mashine iliwaka tena. Sehemu kubwa ya mradi ilikuwapo. Faili kumi na moja zilikuwa zimepoteza majina na kubaki na namba, na sura ya pili, kazi ya Nicanor ya wiki tatu, haikuonekana popote.

Nicanor aliporudi hakuvua hata koti. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua zile faili moja moja. Lynn alisimama mlangoni.

"Nilikwambia usijaribu," Nicanor alisema hatimaye.

"Uliniambia."

"Kwa ajili ya gemu! Mtu mzima wa miaka thelathini na nne!"

"Si gemu." Gachau aliangalia mikono yake. "Nilitaka kuona kama najua kuendesha. Kule Witeithie, mimi sikumbuki nilifanya nini. Nakumbuka watu wakibeba mikate. Nakumbuka nikiita. Lakini ile dakika yenyewe ya kukata usukani sina. Nikilala naitafuta. Nikiamka, mko kazini na mlango umefungwa."

Lynn akasema polepole, "Lakini ni kwa sababu ya wezi, Gachau."

"Najua. Na moto ukizuka?"

Lynn aliondoka mlangoni, na wakasikia kabati za jikoni zikifunguliwa na kufungwa bila sababu. Aliporudi alikuwa na ufunguo wa akiba mkononi. Akauweka mezani kando ya kibodi, akafuta macho kwa mkono.

"Utafunga mwenyewe kwa ndani," alisema. "Sikuwa nimefikiria. Wallahi sikuwa nimefikiria." Hilo neno alilizoea kwa walimu wenzake.

Nicanor hakusema kwamba amesamehe. Kwa siku mbili alimsalimia kwa adabu tu, na usiku Gachau alimsikia akiandika upya sura ya pili sebuleni, kwa kalamu. Lakini Jumamosi asubuhi aliingia na chai mbili, akavuta kiti.

"Iko toleo jipya la Linux, tumelipata kazini," alisema. "Ina kitu. Ukishika vitufe vitatu pamoja, mashine inachukua kibodi kutoka kwa hiyo programu iliyokwama na kukurudishia wewe. Hata kama picha imeganda. Lakini lazima niijenge upya, nikiwasha hiyo sehemu."

"Inachukua muda?"

"Hii mashine ni mzee. Kama saa mbili."

Zilikuwa saa mbili na nusu. Maandishi yalipita kwenye skrini mfululizo, na wanaume wale wawili wakayatazama bila kuongea sana. Mara moja Nicanor aliuliza, "Walikutoaje?" na Gachau akamwambia habari za msumeno, na za polisi mmoja aliyemvulia kofia yake amwekee chini ya kichwa. Hakuwahi kumwambia mtu hayo.

Kabla ya mchana Nicanor alinakili mradi wake kwenye disketi sita, akazitia mfukoni. "Sasa cheza," alisema, akaenda kumsaidia Lynn kufua nguo.

Gachau aliwasha mchezo. Barabara ya zambarau ikaja. Alipita kona ya tatu, akamaliza mzunguko mzima, akaanza wa pili. Gari jingine likamjia. Mikono yake ilikata kushoto kabla hajawaza, haraka, bila kusita hata kidogo, na gari lake likapinduka. Kisha picha ikaganda, gari likiwa ubavu.

Alisikia tena shingo ikilowa, akaipapasa, ilikuwa kavu. Akatafuta vitufe vitatu, akakosea mara ya kwanza. Mara ya pili akavishika vyote. Hakuona mabadiliko yoyote, lakini alipobonyeza kurudi kwenye maandishi, maandishi yakaja, na alama ndogo ikimetameta, ikisubiri aiambie la kufanya. Akaua ule mchezo. Mashine haikudhurika.

Alikaa hapo akipumua. Mikono ilikuwa imekata mapema kadiri mkono wa mtu unavyoweza. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa Witeithie, basi hapakuwa na zaidi la kufanya, na hilo halikumfurahisha kama alivyotarajia. Lilimchosha tu. Aliweka kichwa juu ya meza na kulia kimya, na Nicanor aliyepita nje ya dirisha na beseni la nguo aliona, akaendelea kutembea.

Plasta zilikatwa mwezi wa nne. Miguu ilikuwa myembamba, yenye ngozi ya magamba, na ilibidi ajifunze kuiamini kidogo kidogo. Msimamizi wa kampuni ya mikate alimtumia ujumbe kupitia Irshad: kuna lori jipya, anaweza kuanza Juni.

"Nimwambie nini?" Irshad aliuliza kwenye simu.

Gachau alisimama koridoni, akiegemea mkongojo.

"Mwambie nishike kazi ya kupakia kwanza," alisema. "Niwe nikilizunguka lori kutoka nje. Kuingia ndani, bado."

"Bado ya lini?"

"Sijui, Irshad. Usimdanganye. Mwambie sijui."