Ndama wa Ukurasa wa Pili

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi Abdulatif Swaibu wa kidato cha tano, nawatangazia wakazi wote wa Ujiji, waliopo na wanaoendelea kushuka kutoka majini, kwamba dada yangu Asia amechaguliwa kusomea udaktari wa mifugo huko Morogoro, miaka mitano, na anatakiwa kujibu kabla ya tarehe thelathini.

Nilitangaza hayo nikiwa nimepanda juu ya gunia la mahindi ya njano. Wakazi wote wa Ujiji walikuwa mama yangu, naye aliniambia nishuke nisije nikalipasua.

Asia alirudi jioni. Mwaka ule kazi yake ilikuwa kuandikisha wakimbizi ufukweni, wa Burundi na wa Kongo, kila boti ilipofika. Aliosha miguu, akaisoma barua, akaikunja.

"Leo wangapi?" Baba aliuliza.

"Mia nne na kumi."

"Na watoto?"

"Nimesema mia nne na kumi, Baba."

Asia hakufurahi wala hakulia. Nyumbani kwetu hayo yalikuwa yamekoma tangu maboti yaanze kufika. Hata habari njema tuliisikia kama watu waliotoka kuogelea, masikio bado yamejaa maji.

Baba, mstaafu wa reli, akaleta kalamu. Ukurasa wa kwanza ulisema serikali italipia masomo, lakini mwanafunzi atajitegemea nauli, vitabu, koti jeupe, buti za mpira na vyombo vya kupasulia. Shilingi laki moja na elfu themanini na tano kwa mwaka wa kwanza. Juu ya hapo mshahara wa Asia ungekoma, na mshahara huo ndio uliokuwa dawa ya presha ya Mama na ada yangu ya shule.

Ukurasa wa pili ulisema mwanafunzi afike na mbuzi jike wawili wenye afya njema kwa mafunzo ya vitendo, pamoja na ndama mmoja asiyezidi miezi sita.

Ukurasa wa pili niliuandika mimi.

Niliichukua barua posta, nikaifungua bahasha kwa mvuke wa birika, nikaenda Mwanga kwa Hamdani, anayewapigia watu barua za maombi kwa taipureta nje ya soko. Tulicheka mpaka mteja wake akaondoka. Nilitegemea wakifika kwenye ndama nitarushiwa kandambili, mchezo uishe. Nilisahau kwamba familia yangu inazijua shule za bweni. Shule yangu ya Tabora ilinitaka niende na jembe, fyekeo, ndoo mbili, fagio la chelewa na debe la mchanga wa ujenzi. Baba aliupakia mchanga huo kwenye treni, akaukalia njia nzima. Mtu aliyekwisha safirisha mchanga hashtuki kuambiwa ndama.

"Atapanda behewa gani?" aliuliza tu.

"La mizigo," Asia akasema.

"Na maziwa? Huyo bado ananyonya."

"Basi mama yake naye aende," Mama akasema kutoka jikoni. "Aende na bibi yake kabisa, wakapange chumba."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nikatia kipande cha muhogo.

Walihesabu siku tisa. Baba alikwenda Ilagala kuulizia mbuzi, akarudi na bei na mafungu mawili ya dagaa. Mbuzi walikuwa rahisi, maana waliokimbia na mifugo yao walikuwa wanaiuza kwa bei ya kutupa. Ndama ndiye aliyeishinda hesabu. Baba akafikiria kung'oa mabati ya chumba cha uani ayauze. Mama akasema vidonge vyake anaweza kumeza nusu. Kuhusu ada yangu hakuna aliyesema neno. Nilisubiri waitaje. Hawakuitaja.

Siku ya tisa, asubuhi, Asia alichukua fomu ya majibu akatia alama palipoandikwa Sitajiunga. Aliitia vizuri, kwa mkono uleule wa kuandikia majina ya watu.

"Kazi ninayo," alisema. "Na maboti hayajaisha."

Nilijipekua ndani nione kama naumia. Sikukuta kitu.

Baba alikuwa amevaa kofia, bahasha mkononi, anatoka kwenda posta, alipopiga hodi Nikodemu, kijana wa Mwanga aliyechaguliwa chuo hichohicho. Alitaka wasafiri pamoja na Asia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, wewe ndama umempata wapi?"

Nikodemu alimtazama Baba, akamtazama Asia.

"Ndama gani, mzee?"

"Wa ukurasa wa pili."

"Barua yangu ina ukurasa mmoja."

Alikuwa nayo mfukoni. Asia aliingia ndani akaileta yake, akaziweka pamoja mkekani. Hawakuzitazama sana. Walinitazama mimi.

"Abdu," Mama aliita. "Sogea hapa."

Nilikuwa na hotuba. Mtu kama mimi hakosi hotuba, nayo ilianza na Waheshimiwa. Haikutoka.

"Ni mimi," nilisema.

Baba alimpa Asia bahasha bila kuombwa. Asia aliipasua pembeni akaitoa fomu, macho yake kwangu, akaniuliza kwa sauti ileile anayowaulizia watu majina ufukweni.

"Ulikuwa utani?"

"Siku ya kwanza."

"Na hizo nane?"

"Hizo nane nilikuwa nahesabu na mimi, dada. Ukienda, ada yangu haipo. Nilipoona mmeamini nilinyamaza, na nilijua ninachokifanya."