Picha Kubwa, Herufi Ndogo

Mimi na mama watoto tulitumia kompyuta moja, na hatukuwahi kukubaliana namna ya kuitazama. Yeye alitaka folda zake ziwe picha kubwakubwa. Zilikuwa kubwa hata jirani wa ng'ambo ya barabara alizisoma akiwa dirishani kwake, akaja kulalamika kwamba hatujampangia vizuri. Mimi nilitaka orodha ya herufi ndogo, ndogo hivi kwamba sisimizi wakipita kwenye kioo walikuwa wanainama.

Basi kila asubuhi naweka orodha, naenda kunyoa ndevu, nikirudi nakuta picha kubwa, na kicheko kutoka jikoni.

"Mzee, nimekuwekea vibao vya barabarani usije ukapotea."

"Macho yangu mazima, bibie."

"Ndiyo maana jana uliiamkia sanamu ya duka la nguo."

Alipofariki, niliweka orodha. Nikanyoa, nikarudi. Orodha. Kesho yake, orodha. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na wa kumringia.

Binti yetu, fundi wa kompyuta, alipokuja kunijulia hali nikamwambia, "Nataka mama yako aendelee kunibadilishia."

Hakuniuliza kama nimelala vizuri. Alivuta kiti, akanionyesha kwamba mambo hayo yote, ukubwa wa picha na mpangilio wa folda, hukaa kwenye kijifaili kilichofichwa. Katika nakala za akiba akakipata kimoja cha siku za mama yake.

"Kila ukiwasha, Baba, hiki kitafunika cha kwako. Utashindwa kila siku."

"Nimezoea."

Akatabasamu, kisha akainamia kibodi kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Asubuhi iliyofuata niliwasha. Picha zikajaa kioo, kubwa kama milango. Nikanung'unika kwa sauti, makusudi, nikarudisha orodha yangu, nikazima. Nikaenda kunyoa, nikaacha mlango wa bafu wazi. Uvumilivu ukanishinda katikati. Nikarudi na povu usoni, nikawasha tena.

Picha kubwa.

"Haya, umenipata," nikasema kuelekea jikoni.

Friji ilikuwa ikinguruma. Nikasimama pale nikisubiri kutaniwa, mpaka povu likanikaukia shavuni.