Ujumbe wa Nyamizi

Kila siku saa nne asubuhi Mama Mayala huingia chumba cha kumbukumbu, huinama chini ya meza na kuizima kompyuta kubwa kwenye swichi ya ukutani.

"Nayo ipumzike, Limi. Inachemka kama sufuria. Twende chai."

Huifunika kwa kitenge, nami humfuata. Yeye ndiye muuguzi mkuu wa kituo chetu kidogo cha afya hapa Katoro. Amezalisha nusu ya mtaa. Mimi, fundi wa kompyuta, nina miezi mitano tangu nitoke chuoni Shinyanga, na kila asubuhi namwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha kichwa. Ningeanzia wapi kumwambia asiguse?

Jumatano ile alikuwa ameshainama, kidole kwenye swichi, bodaboda ikaingia uani ikipiga honi mfululizo. Nyuma ya dereva alikuwepo Nyamizi, mimba ya miezi minane, amefungwa kwa khanga kwenye kiuno cha dereva asidondoke. Alikuwa ameanguka sokoni akipanga nyanya zake.

Tulimlaza. Mama Mayala akampima, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu, kisha akapumua. "Mtoto yupo, anacheza." Hapo ndipo alipofungua faili kwenye simu yake, na sauti ikabadilika.

"Damu sita, na mjamzito anatakiwa kumi na moja! Majibu yalitoka Jumatatu, tukakutumia ujumbe uje siku hiyo hiyo. Ona hapa, imeandikwa 'Umetumwa'. Ulikuwa unasubiri tukuletee gari la harusi?"

"Sikuuona, mama."

"Hukuuona, au hukutaka kuusoma?"

Nyamizi alifikiri. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Labda niliufuta. Meseji za kubeti ni nyingi, huwa nazifuta zote pamoja. Nisamehe."

Nilikuwa nimeshika chupa ya dripu. Neno lile, Umetumwa, nililiandika mimi kwenye programu ya kituo.

Mwezi uliopita wauguzi walilalamika kwamba wakihifadhi majibu ya maabara, ukurasa unazunguka tu. Kompyuta ile chini ya meza ndiyo inayohudumia simu zao zote, na ilikuwa haimjibu muuguzi mpaka mtandao ukubali kupeleka ujumbe kwa mgonjwa. Asubuhi mtandao wetu ni wa kubembeleza. Basi nikaigawa kazi. Programu ikawa inamjibu muuguzi papo hapo, na huku nyuma inaanzisha uzi wa pembeni, kama mtu wa pili jikoni, unaobaki kuhangaika na mtandao hadi ujumbe utoke. Wauguzi walifurahi. Mama Mayala alinipa maandazi mawili.

Lakini mtu huyo wa pili hana daftari. Anachokishika yuko nacho kichwani tu, na kompyuta ikizimwa anapotea nacho. Mwalimu Boaz alitufundisha hivyo chuoni, tena kwa kurudiarudia: andika kazi kwanza kwenye hifadhidata, ndipo uanzishe uzi, ili mashine ikiwaka tena ijue kilichobaki. Nilijua. Nilisema nitafanya wiki ijayo. Na kila saa nne niliutazama ule mkono ukienda ukutani, nikanyamaza.

Niliponyoka kwenda chumba cha kumbukumbu, nikasoma orodha ya matukio kwenye kompyuta. Jumatatu, saa tatu na dakika hamsini na sita: uzi umeanza, mgonjwa Nyamizi. Jaribio la kwanza, mtandao hakuna. La pili, hakuna. Baada ya hapo mistari ilikatika, hadi saa nne na nusu kompyuta ilipowashwa upya. Hakuna ujumbe uliotoka.

Niliporudi, Mama Mayala alikuwa nje akiita gari la kumpeleka Geita akaongezwe damu. Nyamizi akanishika kidole.

"Dada, mama mkwe anakuja. Naomba msimwambie kuwa niliupuuza ujumbe. Mwaka juzi nilipoteza mimba, na hadi leo anasema sijitunzi. Alishamwambia mume wangu Mihayo anirudishe kwetu Masumbwe, Mihayo akakataa. Akisikia na hili..."

Nilimpangusa jasho kwa ncha ya khanga yake. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini kuongea hunishinda. Mimi hata dukani huonyesha kwa kidole ninachotaka.

Mama mkwe aliingia, viatu vimejaa vumbi jekundu. "Mwangaluka," akasalimu kwa Kisukuma, kisha akasimama miguuni pa kitanda bila kumgusa mkwewe. "Amefanya nini tena?"

"Damu imepungua," alijibu Mama Mayala akiingia nyuma yake. "Atapona, mayu, mama yangu, gari linakuja. Lakini mumwonye huyu. Tangu Jumatatu tumemtumia ujumbe..."

"Nilijua! Nilimwambia Mihayo, huyu hajali. Nilimwambia."

Nyamizi aligeuza uso ukutani. Alikubali. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa ameshakubali kosa ambalo hakulifanya.

"Shikamoo, mama," nilimwambia mama mkwe. Sauti ilikuwa ndogo, wakageuka wote wawili.

"Marahaba," akajibu. "Nini, Limi?" Mama Mayala aliuliza. "Sema, mwanangu, mbona unalia?"

"Hakufuta kitu. Ujumbe haukutoka. Mimi niliifanya programu iseme Umetumwa kabla haujatumwa. Ulikuwa bado unasubiri mtandao, wewe ukazima kompyuta, nao ukapotea. Nilijua kwamba ukizima, ujumbe unapotea, Mama Mayala, nikaona haya kukwambia usizime. Nyamizi hajapuuza lolote. Kosa ni langu."